Mlango mwembamba wa Windhoek na wasichana wa Mwanza

Mwanzoni mwa Septemba 2025 timu nane za wanawake za Afrika zilikutana Windhoek, Namibia, kuwania tikiti mbili. Tikiti zenyewe hazikuwa za Kombe la Dunia la kriketi ya ova 20. Zilikuwa za kwenda Nepal, Januari 2026, kuwania tena nafasi ya Kombe la Dunia pamoja na timu za mabara mengine. Zimbabwe na Namibia zikazichukua. Tanzania tulikuwamo kwenye zile nane, tukarudi nyumbani.

Siku matokeo yalipotoka nilikuwa ofisi ya walimu, nasahihisha daftari. Mwalimu mwenzangu wa hisabati, mtu anayefuatilia kriketi kwenye simu kuliko yeyote ninayemfahamu hapa Mwanza, akaweka simu mezani akasema, "Mwalimu, hawa watoto wetu wanakosa kitu kimoja tu: kambi. Chagua kumi na watano, wape posho ya maana, wakae Dar es Salaam miaka miwili wakicheza kriketi tu. Uone kama hawatapita." Nikamwambia nimefundisha michezo mkoani hapa miaka mingi, nimeona wasichana wakicheza pete, wavu, mpira wa miguu, riadha na rede, lakini sijawahi kumwona hata mmoja ameshika gongo la kriketi kwenye kiwanja cha shule. Hao kumi na watano tunawachagua kutoka wapi?

Tumebishana tangu siku hiyo. Wakati wa chai, kwenye daladala ya kurudi Nyegezi, hata msibani mara moja, jambo ambalo naliombea radhi. Hoja zake zina uzito kuliko nilivyotaka kukiri mwanzoni, ndiyo maana naziweka hapa pamoja na zangu.

Kwanza tuuelewe mlango wenyewe, yaani njia ya kufuzu. Katika kriketi fupi kila upande hurushiwa ova 20, na ova moja ni mipira sita. Kwa hiyo una mipira 120 ya kutafuta mikimbio, ambayo ndiyo pointi za kriketi, mingi iwezekanavyo kabla wachezaji wako kumi hawajatolewa. Mechi inaisha kwa muda wa saa tatu hivi. Mashindano ya kufuzu ya Afrika yana madaraja mawili: la pili hupandisha timu, la kwanza hutoa tikiti. Daraja la kwanza lina timu nane, makundi mawili ya nne nne, kisha nusu fainali. Mechi za uhakika kwa kila timu ni tatu za kundi. Wiki moja hivi na kila kitu kimekwisha, na fursa hiyo hairudi mpaka miaka miwili ipite.

Sasa nitoe takwimu inayonikera kuliko zote. Kombe la Dunia la wanawake la kriketi fupi lilianza 2009. Tangu mwaka huo, timu pekee ya Afrika iliyowahi kulicheza ni Afrika Kusini. Na Afrika Kusini haipiti mlango huu. Inaingia moja kwa moja kwa nafasi yake duniani, na inastahili, maana ilifika fainali ya 2023 mjini Cape Town na ile ya 2024 mjini Dubai. Waliobaki wote, Zimbabwe, Uganda, Namibia, Kenya, Rwanda, Nigeria na sisi, tumekuwa tukisukumana kwenye mlango ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuupita mpaka mwisho. Kombe la 2026 nchini Uingereza limeongezwa kutoka timu 10 hadi 12, na bado Waafrika ni Afrika Kusini peke yao.

Mtu akisoma hivyo atasema haraka: basi mfumo ni mbovu. Mimi pia nilisema hivyo. Mwenzangu akanikumbusha Kigali, Juni 2019.

Kriketi ya wanawake ilikuwa imefunguliwa milango mwaka mmoja kabla. Kuanzia Julai 1, 2018, Baraza la Kriketi la Kimataifa lilizipa mechi za ova 20 za wanawake baina ya wanachama wake wote hadhi ya mechi rasmi za kimataifa. Mali wakaja Rwanda kwenye mashindano ya Kwibuka, yanayochezwa kila Juni kukumbuka mauaji ya kimbari ya 1994. Dhidi ya Rwanda, timu nzima ya Mali ilipata mikimbio 6. Siku mbili baadaye Uganda wakawapiga mikimbio 314, nao Mali wakajibu kwa 10. Niliona picha za wale mabinti wa Mali, wengine wadogo kabisa, wamesimama uwanjani jua kali wakiokota mpira kwenye mpaka wa uwanja, tena na tena. Mwenzangu anauliza: huo ndio usawa unaoutaka? Kila nchi iingie kwenye mashindano makubwa ichapwe kwa mikimbio 304?

Hapo ana haki. Madaraja yamewekwa ili anayeanza akutane na anayeanza mwenzake. Msichana anayejifunza kulinda wiketi yake, vile vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mpigaji, hafundishwi chochote na kipigo cha namna ile, na msichana anayepiga mikimbio mia dhidi ya timu changa naye hajifunzi sana. Fatuma Kibasu wetu alipiga 127 bila kutolewa dhidi ya Eswatini mwaka 2021 kule Gaborone, nami nilifurahi kama mzazi, lakini hata yeye nadhani angebadilisha nusu ya mikimbio hiyo kwa 40 dhidi ya Zimbabwe. Mchujo mkali unawafanya wanaofika mbele wawe wamepimwa kweli. Pia una faida ya fedha. Wiki moja, mji mmoja, viwanja viwili: vyama vidogo vinaweza kumudu. Ligi ndefu ya nyumbani na ugenini Afrika nzima, kwa nauli za ndege za bara hili, ingewaua wengi kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha.

Kwa hiyo mlango mwembamba una sababu zake. Kinachonisumbua ni nani anafika mlangoni akiwa ameshiba.

Zimbabwe wameshinda mashindano ya kufuzu ya Afrika mara nne mfululizo: Harare 2019, Gaborone 2021, Entebbe 2023, Windhoek 2025. Wana wachezaji wazuri, siwanyimi sifa. Lakini Zimbabwe ni mwanachama kamili wa Baraza la Kimataifa, mmoja kati ya 12. Kwa mgawo wa mapato ya Baraza wa 2024 hadi 2027, wanachama hao 12 wanachukua karibu asilimia 89, na asilimia 11 hivi iliyobaki inagawanywa kwa wanachama washirika zaidi ya 90 duniani kote, Tanzania tukiwa ndani yake. Timu ya wanawake ya Zimbabwe ilipewa hadhi ya kucheza mechi ndefu za kimataifa mwaka 2021 kwa sababu tu ya uanachama wa nchi, na sasa imeingizwa kwenye mzunguko wa kudumu wa mechi za ova 50 dhidi ya mataifa makubwa. Halafu timu hiyohiyo inashuka kugombea tikiti mbili na nchi ambazo msichana anacheza kriketi jioni baada ya kazi. Tikiti mbili za Afrika, kwa hesabu ya kweli, ni tikiti moja na nusu.

Mwenzangu hapa huinua kidole. Anasema Uganda hawana uanachama kamili, na mwaka 2023 walifika fainali na kuchukua tikiti ya pili. Namibia hawana, na wamechukua ya 2025. Rwanda walikuwa hawajulikani, lakini Januari 2023 vijana wao wa kike chini ya miaka 19 waliwafunga Zimbabwe na West Indies kwenye Kombe la Dunia la umri huo. Nigeria, kwenye kombe la umri huohuo, waliwashinda New Zealand kwa mikimbio miwili mwaka 2025. "Kwa hiyo usiniambie habari za asilimia 11, Mwalimu. Niambie Tanzania tumekosa nini ambacho Namibia wanacho." Watu wa Namibia hawafiki milioni tatu na nusu.

Ni swali zuri, na kwa kweli ndilo lililonifanya niandike. Sisi si timu dhaifu. Tulitwaa Kwibuka mwaka 2019, tukaitwaa tena mwaka 2022, mbele ya Kenya, Uganda, Rwanda na Nigeria. Kwa siku chache za Juni kule Gahanga, Kigali, wasichana wa Tanzania wamethibitisha kwamba wanaweza kumfunga karibu kila jirani. Lakini inapofika wiki ya tikiti, tunakwama. Mwenzangu anaita hilo upungufu wa kambi. Mimi naliita upungufu wa watu.

Tulipime kwa utulivu. Hoja ya kambi ina mfano wake mkubwa, nao ni Thailand. Nchi isiyo na historia kubwa ya kriketi, isiyowahi kutawaliwa na Mwingereza, ilikusanya wasichana wachache, wengi wao wakitokea mchezo wa softiboli na michezo mingine, ikawaweka pamoja, ikawalipa, ikawafundisha kila siku. Mwaka 2019 wakafuzu, na mwaka 2020 walikuwa Australia wakicheza Kombe la Dunia. Hawakusubiri kriketi ienee vijijini. Hawakujenga viwanja mikoa yote. Walichukua kundi dogo wakalinoa. Na nidhamu yao uwanjani, ile ya kudaka na kukimbia kati ya wiketi, ilikuwa ya watu waliokaa pamoja muda mrefu. Sina namna ya kuupuuza mfano huu. Unasema wazi kwamba nchi maskini kriketini inaweza kupita mlango mwembamba kwa kujikunyata.

Tena kuna jambo la utu ndani ya hoja hii. Neema Pius, Kibasu na wenzao wamebeba jina la nchi kwa miaka bila watu kujua. Huku mitaani Mwanza mtu anaweza kukutajia kikosi cha Twiga Stars lakini asijue kama tuna timu ya kriketi ya wanawake. Ukisema tuwekeze kwa watoto wa miaka 12, unawaambia mabinti hawa kwamba zamu yao imepita. Mwenzangu aliniuliza hilo akinitazama machoni, nikakosa jibu la haraka. Hadi leo sina jibu linaloniridhisha.

Ila Thailand walikuwa na softiboli. Yaani kulikuwa tayari na kisima cha wasichana waliojua kushika gongo, kurusha na kudaka, na kambi ikachota humo. Kambi haizalishi wachezaji, inachota. Viwanja vya kriketi vinavyojulikana nchini viko Dar es Salaam: Gymkhana, Chuo Kikuu, Annadil Burhani. Nchi ya watu zaidi ya milioni 60 inachota karibu na ufuko mmoja wa bahari. Mchezaji akiumia goti, akiolewa akahama, akipata kazi isiyompa ruhusa, nyuma yake hakuna foleni. Ukimfungia mchezaji huyo kambini miaka miwili, utapata kikosi cha kwanza kizuri, lakini mashindano ya wiki moja yenye mechi za kufuatana huamuliwa na mchezaji wa kumi na mbili na wa kumi na tatu, yule anayeingia siku mrushaji wako bora amechoka bega.

Rwanda na Uganda walikwenda njia nyingine. Uganda wamekuwa na wiki ya kriketi ya shule za wasichana kwa miaka, wanacheza Jinja, wanacheza Kampala, na walipoandaa mashindano ya kufuzu Desemba 2023 waliyafanyia Entebbe, kwenye uwanja ulio kando ya ziwa hilihili. Rwanda walifungua uwanja wa Gahanga mwaka 2017, na miaka mitano na kitu baadaye wasichana wao wakawa habari ya dunia. Sisemi uwanja ulicheza mechi. Nasema mtoto wa Kigali aliyekuwa na miaka 12 mwaka 2017 alikuwa na mahali pa kwenda jioni.

Hapa ndipo Mwanza inapoingia, na naomba nikae kidogo.

Jioni ukipita shule nyingi za msingi za Ilemela au Nyamagana utawakuta wasichana wanacheza rede. Mmoja anasimama upande huu, mmoja upande ule, wanarushiana mpira. Katikati yupo wa tatu anayekwepa huku akiinama kujaza mchanga kwenye chupa. Mimi nimecheza rede utotoni mwangu kiasi kwamba naweza kuisikia bado mgongoni. Tazama umbo lake: watu wawili miisho miwili, katikati mtu mwenye kazi ya kufanya wakati mpira unamjia kwa kasi. Anayerusha lazima awe na shabaha. Wa upande wa pili lazima adake, maana ukipita mpira unampa wa katikati muda wa kujaza chupa. Hizo ni mbili kati ya kazi kubwa za kriketi, kurusha kwa shabaha kutoka uwanjani na kudaka, na wasichana wetu wanazifanya tangu darasa la pili bila mtu kuwalipia kocha. Ukienda Misungwi au Kwimba msimu wa mpunga utaona watoto wanaolinda mashamba dhidi ya ndege, jinsi wanavyotupa.

Nisitie chumvi. Mrushaji wa kriketi haruhusiwi kukunjua kiwiko anaporusha kwa mpigaji. Mkono unazunguka ukiwa umenyooka, na rede inafundisha kinyume chake kabisa. Kupiga kwa gongo nako ni somo jipya. Kwa hiyo rede haitupi warushaji wala wapigaji. Inatupa wadakaji, na inatupa wasichana wasioogopa mpira. Kocha yeyote atakwambia hilo la mwisho ndilo gumu kufundisha ukubwani.

Upande wa pili wa mizani ni mzito, na ni wa ardhi. Kriketi ya wanawake inataka mpaka wa uwanja uwe kati ya mita 55 na 64 kutoka katikati. Uwanja wa kawaida wa mpira wa miguu una upana wa mita 68 hivi, maana yake kutoka katikati hadi pembeni ni 34. Hautoshi. Mwanza ni jiji la miamba. Mahali tambarare pana pamekwisha kuwa soko, makazi au barabara, na shule zinaposongwa na idadi ya wanafunzi kinacholiwa kwanza ni kiwanja. Shule moja niliyofundisha zamani ilikuwa na uwanja wa pete na wa mpira. Leo vyote ni madarasa, na siwezi kuulaumu uongozi kwa kuchagua madarasa. Lakini tangu siku ile wasichana wa pale hucheza korido.

Kuna na swali ambalo walimu wenzangu wa michezo huniuliza, nalo ni la haki: kwa nini kriketi? Mpira wa pete haujapata vifaa vya kutosha. Mpira wa miguu wa wanawake ndio unaanza kuchanua. Alliance Girls wametokea hapahapa Mahina, na Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2022 kule India. Ukiwa na shilingi moja, kwa nini uigawe? Mpira wa kriketi wa ngozi ni ghali, pedi ni ghali, glavu ni ghali, na vyote vinaagizwa. Msichana mwenye kipaji Mwanza akiuliza njia ya kumtoa kimaisha, mwalimu mkweli atamwelekeza kwenye mpira wa miguu.

Nimelifikiria hili muda mrefu kuliko hoja nyingine zote. Jibu langu ni kwamba si kila msichana ana mbio za mpira wa miguu au urefu wa pete. Nimekuwa na wanafunzi wafupi, wenye macho makali na mkono wa ajabu, ambao kwenye kila timu niliyounda walikuwa wa akiba. Kriketi ina nafasi kwa maumbo ambayo michezo yetu mingine inayakataa. Na kwa kuanzia haihitaji ngozi wala pedi: magongo ya plastiki na mpira laini vinatosha kwa watoto, na hapo uwanja wa pete unafaa kabisa. Ngozi ije miaka mitatu baadaye, kwa wachache watakaobaki. Lakini nakubali: kama kriketi itakuja kwa kunyang'anya kiwanja cha pete, nitakuwa wa kwanza kuipinga.

Basi uamuzi wangu uko wapi kati ya kambi na kisima? Niko na kisima, nikijua gharama yake. Gharama ni kwamba huenda tukakosa tikiti nyingine, na kizazi cha sasa kikastaafu bila kuona Kombe la Dunia. Siichukulii kwa wepesi. Ila naona kambi bila kisima italeta, kwa bahati nzuri kabisa, safari moja kama ya Nepal, na kwenye mlango ule wa pili tutakutana na Bangladesh, Ireland na Scotland, nchi zenye foleni ndefu nyuma ya kila mchezaji. Zimbabwe, pamoja na fedha zao zote, hawajaupita bado. Tena ubora wa timu peke yake hautoshi: mwaka 2019 Zimbabwe walishinda Harare mwezi Mei, Julai chama chao kikasimamishwa na Baraza la Kimataifa kwa sababu ya serikali kuingilia uendeshaji wake, na Namibia waliowafuata ndio wakaenda Scotland badala yao. Wachezaji hawakuwa na kosa lolote.

Kambi nisingeifuta. Ningeipunguza na kuihamisha. Kikosi cha taifa kikikaa wiki mbili Mwanza kabla ya mashindano, hata kwenye kiwanja kisichokamilika, mabinti wa sekondari wangewaona Neema na wenzake kwa macho. Hilo peke yake lingefanya kazi ambayo mabango hayawezi.

Na kuna jambo jingine ambalo mimi na mwenzangu tunakubaliana. Tatizo kubwa kuliko la upana wa mlango ni ukimya kati ya mlango na mlango. Miaka miwili unangoja mechi tatu. Kampala mwaka 2019 waliandaa mashindano ya timu tatu za wanawake, Uganda, Kenya na Zimbabwe, wakayapa jina la Victoria. Jina la ziwa letu, na nusu ya ziwa hilo iko upande wetu. Fikiria miji minne tu: Mwanza, Entebbe, Jinja, Kisumu. Kutoka hapa hadi Kisumu ni safari ya basi ya siku moja kupitia Sirari. Upande wa Mutukula, kwenda Uganda, ni mbali zaidi, ila tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa kile kivuko kilichokuwa kikitula saa nzima na zaidi. Wasichana wa chini ya miaka 19 wakizungukana miji hiyo kila likizo, hakuna ndege, wanalala mabweni ya shule, kwa miaka minne msichana wa Mwanza atakuwa amerushiwa mipira na Mganda mara nyingi kuliko mchezaji wa taifa letu anavyorushiwa leo. Mwenzangu anasema hiyo nayo ni kambi, ila imetandazwa. Nimemwachia neno lake.

Anachokataa bado ni muda. Anasema miaka minne ni mingi, chama kitabadilika viongozi mara mbili, mfadhili atachoka, walimu watahamishwa. Mimi mwenyewe naweza kuhamishwa mwakani. Anaweza kuwa sahihi.

Jumamosi iliyopita tulikwenda na kamba kwenye kiwanja cha nyuma ya shule yetu, kilichobakizwa na miamba kwa pande mbili. Upande wa mwembe tulipata mita 57. Upande wa jiwe kubwa tulipata 39, pungufu. Kwa watoto na mpira laini panatosha na kubaki. Kwa mechi kamili hapatoshi. Mwenzangu akachukua kijiti akapiga hesabu mchangani. Kati ya wiketi na wiketi ni mita 20.12, ukiongeza pa kukanyagia miisho yote ni 22, upana mita 2, unene sentimita 10. Zege mita za ujazo 4.4, mifuko 28 hivi ya saruji, na mkeka wa kutandika juu. Akaifuta akaipiga upya kuhakikisha. Kisha akauliza jua la jioni linazama wapi hasa mwezi huu, kwa sababu tukilaza pichi, ile njia ya kati ya wiketi na wiketi, mashariki na magharibi mpigaji hataona mpira baada ya saa kumi. Tukaing'oa kamba, tukaigeuza kaskazini na kusini, tukaanza kupima tena.